Kamera ya vipande: kazi iko kwenye viungo

Swali: "Habari za kazi. Napiga picha za harusi, sendofu na kipaimara hapa Dodoma kwa kamera ya kidijitali. Kuna mzee anauza Hasselblad 500C/M yenye lenzi ya 80mm na makasha mawili ya filamu. Mtu mwingine ana Mamiya RB67. Zote wanazisifu kuwa ni kamera za vipande, kila kitu kinatoka. Hivyo vipande vinanisaidia nini kwenye ubunifu, zaidi ya kuniongezea vitu vya kupoteza? Na kwa vumbi la huku, zitadumu?"

Jibu: Kwanza tuondoe sifa moja isiyo na msingi. Usinunue kamera hizi kwa kutafuta ung'avu wa picha. Ni kweli negativu ya Hasselblad, inayoitwa 6x6, ina milimita 56 kwa 56, yaani eneo kubwa mara 3.6 kuliko filamu ya 35mm, na ile ya RB67 ni kubwa mara 4.5. Lakini kamera yako ya kidijitali tayari inatoa picha kali kuliko mahitaji ya albamu yoyote ya harusi. Kinachozitofautisha hizi ni kwamba maamuzi ambayo kamera nyingine imekufungia dukani, hapa unaweza kuyabadilisha katikati ya kazi: aina ya filamu, namna ya kutazama, umbo la fremu. Kila kiungo kinachofunguka ni uamuzi mmoja. Na kila kiungo, kwa bahati mbaya, ni mahali pa kukwama au kuvuja mwanga. Ukivijua viungo vyake, umeijua kamera.

Hasselblad ya mfumo huu ilianza na 500C mwaka 1957, na 500C/M ikafuata mwaka 1970. Ina bodi ambayo karibu ni sanduku tupu lenye kioo, lenzi iliyobeba shata yake yenyewe ndani (mlango unaofunguka kuingiza mwanga), kitazamio cha juu, na kasha la filamu nyuma. Safari ya Apollo 11 mwaka 1969 ndiyo mfano bora wa mantiki hiyo: ili kupunguza uzito wa kurudi, kamera iliyotumika juu ya mwezi iliachwa hukohuko, likarudi kasha lenye filamu.

Basi tuanze na kasha, maana ndipo penye utamu wote. Kasha la A12 linabeba roli moja ya filamu pana ya 120 na kutoa fremu 12. Mbele yake kuna kibati chembamba cha kuzuia mwanga. Ukikichomeka, kasha linatoka hata kama umefika fremu ya tano, na unaweka lingine. Kwa mpiga picha wa Dodoma hili ni jambo kubwa kwa sababu ya jua letu. Saa saba mchana nje ya kanisa, filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kushika mwanga) inataka takribani f/16, yaani tundu dogo la lenzi, kwa 1/500 ya sekunde, na 1/500 ndiyo kasi ya mwisho ya shata hii. Ukitaka f/2.8, tundu kubwa, ili nyuma ya bibi harusi pafifie, huwezi. Umezidiwa na stopu tano, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Dakika kumi baadaye mko ndani ya ukumbi wenye taa nne za njano, na ISO 400 hiyohiyo haitoshi. Mwenye kamera ya filamu ya kawaida anachagua hasara moja. Wewe unaweka filamu ya ISO 100 kwenye kasha la kwanza kwa ajili ya nje (f/8 kwa 1/500, na ukivaa kichujio cha kijivu cha stopu tatu unafika f/2.8), na kasha la pili unaliweka HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400, utakayoipiga kama ISO 1600 kwa ajili ya ndani.

Ubunifu wenyewe hauishii hapo. Roli nzima husafishwa kwa dawa kwa muda mmoja, kwa hiyo makasha yakigawanywa kwa aina ya mwanga, unaweza kusafisha roli ya kila moja kwa tabia yake. HP5 Plus ya kawaida, iliyopigwa ISO 400, husafishwa katika dawa ya D-76 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa dakika 11 katika nyuzi 20. Picha za mchana mkali, ambapo shati jeupe linaungua na uso ulio chini ya kofia unazama, zipige kama ISO 200 halafu punguza muda kwa asilimia 20, dakika 9 hivi: kivuli kinapata maelezo na shati linabaki na mikunjo. Zile za ukumbini za ISO 1600 zinataka D-76 isiyoongezwa maji, dakika 13 hivi. Bandika kipande cha utepe kwenye kila kasha na uandike hayo papo hapo, maana makasha yanafanana kama mayai.

Kuna jambo jingine ambalo kamera isiyofunguka hailiwezi kabisa: kubeba fremu iliyokamilika nusu. Tuseme umepiga mbuyu njia ya Mtera jioni, mbuyu mweusi dhidi ya anga jeupe. Usizungushe mkono wa kamera, ule unaosogeza filamu. Chomeka kibati, toa kasha, liweke kwenye begi. Endelea na kazi zako siku tatu kwa kasha jingine. Siku ya nne, bibi yuko mlangoni Chamwino: zungusha mkono wa bodi bila lile kasha, lirudishe, toa kibati, piga uso wake. Sura na mbuyu zitakaa kwenye fremu moja. Uso utaonekana pale mbuyu ulipokuwa mweusi, kwa sababu filamu pale haikuguswa na mwanga. Palipokuwa na anga jeupe kila kitu kitamezwa. Kwa hiyo ukubwa na mahali pa kivuli ndio mpango mzima. Chora mkao wa mbuyu kwenye karatasi siku ya kwanza, usiitegemee kumbukumbu. Ikiwa picha zote mbili zina mwanga wa wastani, zipunguzie kila moja stopu moja.

Hapo utahitaji kuelewa madirisha mawili madogo upande wa kulia, moja la bodi na moja la kasha. Jeupe maana yake imekokiwa, yaani iko tayari kufyatuliwa, na filamu imesogea. Jekundu maana yake imeshafyatuliwa. Katika kazi ya kawaida rangi zifanane kabla ya kuunganisha. Kasha jeupe kwenye bodi nyekundu: ukizungusha mkono, filamu inasogea tena na umepoteza fremu moja tupu. Kasha jekundu kwenye bodi nyeupe: utapiga picha juu ya picha. Huo wa pili ndio tulioutumia kwa mbuyu, na ndio huohuo unaowaharibia watu picha za familia bila kujua.

Kupakia filamu ni kwa dakika mbili, lakini fanya kivulini. Upande mweusi wa karatasi ndio unaotazama lenzi. Ukiipitisha kinyume, karatasi inakaa mbele ya filamu na roli zima linatoka bila kitu. Vuta mpaka mshale wa kwenye karatasi ukutane na alama ya kasha, ingiza, funga, kisha zungusha kitasa cha kasha hadi kigome na namba 1 itokee. Karatasi iwe imekazwa. Ikilegea, roli linanenepa na mwanga unaingia pembeni unapolitoa. Ukimaliza, lamba gundi na ufunge kwa nguvu kidogo.

Upande wa kitazamio. Hiki cha kiunoni kinakulazimisha uiname kutazama kioo cha sentimita tano na ushee, na kulia kunakuwa kushoto. Watu hukiona kama usumbufu, na kwa kufuata wacheza ngoma ni usumbufu kweli: akienda kulia unamfuata kushoto na fremu imekwisha. Ila kwa picha za watu waliotulia kina faida ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Kwanza, lenzi inashuka hadi kifuani au tumboni, ambako mzee aliyekaa kwenye kigoda anatazamana nayo uso kwa uso badala ya kutazamwa kutoka juu. Pili, hujamfichia uso wako kwa kamera. Umeinamisha kichwa kama mtu anayeamkia. Mzee wa Kigogo aliyekaa barazani kwake hujibu mkao huo kwa utulivu tofauti kabisa na ule unaompata mtu aliyeelekezewa bomba la lenzi usoni. Ukiwa na harusi yenye pilikapilika, toa hicho na uweke kitazamio cha prizimu: picha inakaa sawa kulia na kushoto, ila kamera inakuwa nzito na giza kidogo linaongezeka.

Jambo la kuzoea: baada ya kufyatua, kioo hakirudi. Unaona giza mpaka uzungushe mkono. Siyo ubovu, imeundwa hivyo.

Lenzi na shata. Kwa kuwa shata iko ndani ya lenzi, flashi inakubali kila kasi hadi 1/500. Kamera nyingi za kidijitali hukomea karibu 1/200, na zaidi ya hapo unategemea mbinu ya flashi ya mapigo ya haraka ambayo inakula nguvu. Mchana wa Dodoma kwa ISO 100 unahitaji f/8 kwa 1/500. Kwa 1/200 ungelazimika kufunga hadi karibu f/13, na flashi ingetakiwa kutoa mwanga zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo flashi ndogo ya kawaida kwenye stendi, mita moja na nusu kutoka kwa mtu, inaanza kushindana na jua. Ukifunga hadi f/11 anga la bluu linazama stopu moja na miamba ya Mlima Simba nyuma inapata uzito.

Tahadhari mbili. Lenzi za zamani zina kiswichi chenye V, X na M. Kiwe X. Kwenye M flashi inawaka kabla shata haijafunguka vizuri na unapata fremu nyeusi. V ni ya kujipiga mwenyewe. Pili, kasi ya 1/500 kwenye shata ya umri huu mara nyingi ni pungufu ya inavyoandikwa, hivyo jaribu kabla ya kuitegemea.

Lenzi ya 80mm hufokasi kuanzia mita 0.9, na hapo kwa f/2.8 eneo lililo wazi ni sentimita tatu hadi nne tu: kope zimekaa, masikio yameyeyuka. Ukitaka karibu zaidi, kwa mfano kishada cha zabibu, weka tyubu, yaani pete tupu ya kusogeza lenzi mbele, kati ya bodi na lenzi. Tyubu ya milimita 21 inataka uongeze theluthi mbili za stopu. Utaratibu wake usiuvunje: tyubu kwanza kwenye bodi, kisha lenzi kwenye tyubu, kutoa ni kinyume, lenzi kwanza. Wanaotoa vyote kwa pamoja ndio wanaoleta kamera kwa fundi.

Hapo ndipo ugonjwa maarufu wa Hasselblad unapoanzia. Bodi na lenzi zinaunganishwa na ekseli ndogo inayokoki shata. Zote mbili lazima ziwe zimekokiwa wakati wa kuunganisha na kutenganisha. Lenzi iliyofyatuka ikiunganishwa na bodi iliyokokiwa, au kinyume chake, haifyatui, haizunguki, haitoki. Usilazimishe. Toa kasha, pita kwa nyuma na bisibisi ndefu ya bapa ukiinua taratibu vile vibati viwili vya ndani, tafuta kichwa cha skrubu karibu na kiungo cha lenzi, kizungushe kwa mwelekeo wa saa mpaka kibofye. Bisibisi ikiteleza utachana kioo, kwa hiyo funga utepe kwenye shingo yake, acha ncha tu.

RB67 ni mnyama mwingine. Ilitoka 1970, na ikiwa na lenzi ina zaidi ya kilo mbili na nusu, dhidi ya kilo moja na nusu hivi ya Hasselblad. Fremu zake ni 10 kwa roli, mstatili wa 6x7, na kasha lake linazunguka nyuzi 90: unabadilisha kutoka picha ya kulala hadi ya kusimama bila kugusa stendi. Wa Hasselblad hana cha kuzungusha kwa sababu fremu yake ni mraba, na mraba unadai upangaji wake: mtu katikati hakosei, lakini kundi la watu kumi linakuachia anga na vumbi nusu ya picha. RB67 hufokasi kwa mvukuto, kwa hiyo inakaribia bila tyubu yoyote. Ubavuni ina jedwali la kukuonyesha stopu za kuongeza. Lisome. Kwa lenzi ya 127mm mvukuto ukivutwa milimita 40, upungufu ni karibu stopu nzima.

Makosa yake ni mawili ya kila siku. Wenzo wa bodi unakoki kioo na shata, lakini filamu unaisogeza kwa wenzo mwingine wa kasha, na kwenye toleo la kwanza hakuna kinachokukumbusha. Toleo la Pro S la mwaka 1974 liliongeza kizuizi. Kosa la pili ni kitasa cha N na M kwenye lenzi. Kikiwa M, kitufe kinainua kioo tu, na shata inasubiri waya wa kufyatulia. Unasikia mlio mkubwa, unadhani umepiga, na roli zima linatoka tupu. Kiwe N, isipokuwa uko kwenye stendi na unataka kuondoa mtikisiko. Na ukisimamisha RB67 kwenye stendi nje ya mji, uwe tayari kueleza kwamba hupimi viwanja. Karibu na majengo ya serikali Mtumba omba ruhusa kwanza.

Sasa vumbi. Kati ya Juni na Oktoba upepo wetu hauna huruma, na kila kiungo unachofungua ni mlango. Badilisha lenzi bodi ikiangalia chini, ndani ya gari lililofungwa vioo, au chini ya kanga. Chembe moja iliyonasa pale filamu inapopita ndani ya kasha itachora mstari mnyoofu toka fremu ya 1 hadi ya 12. Ukiona mstari wa namna hiyo usilaumu usafishaji, fungua kasha ulipulize kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo. Kibati kikitolewa kisiwekwe mfukoni wala mchangani, kwa sababu kitarudi na mchanga hadi kwenye sponji ya kuzuia mwanga. Joto ni adui mwingine: kamera iliyoachwa kwenye buti la gari mchana hulainisha mafuta ya shata, yanatambaa hadi kwenye majani yake, na majani yananata. Kwa upande mwingine, ukavu wa Dodoma unazilinda lenzi dhidi ya kuvu. Lenzi iliyokaa Tanga au Dar es Salaam miaka mingi imulike kwa tochi kutoka nyuma; nyuzi kama za buibui ndizo hizo.

Usafishaji wa nyumbani unawezekana. Tangi la roli moja la 120 huchukua mililita 500. Oktoba na Novemba maji ya bomba hutoka ya uvuguvugu. Ama uweke chupa za dawa kwenye beseni la barafu mpaka zifike nyuzi 20, ama ukubali nyuzi 24 na ushushe zile dakika 11 hadi saba na nusu. Chumvi ya maji yetu huacha madoa meupe filamu ikikauka. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya betri yenye tone la dawa ya kutiririsha, ila soma chupa: duka hilohilo linauza asidi ya betri, na chupa zinafanana.

Kuhusu kununua. Kwenye Hasselblad ya mzee, tazama namba za kasha: tarakimu tatu za mwisho za sehemu ya ndani zilingane na za ganda. Zisipolingana, nafasi kati ya fremu huyumba. Hakikisha ni A12 na si A24, kwani la pili liliundwa kwa roli ya 220 ambayo karibu imetoweka. Kasha la Polaroid likitolewa kama nyongeza usililipie. Filamu ya Fuji FP-100C iliyokuwa ikilitumikia ilisitishwa mwaka 2016. Weka shata kwenye sekunde 1 na usikilize: ikisita au ikimaliza sekunde mbili, lenzi inahitaji kusafishwa na hiyo ni hoja ya bei. Kwenye RB67 toa kasha, ingia chumba cha giza na umulike ndani ya mvukuto; nukta ya mwanga kwenye kona ni tundu. Kama atatokea mtu wa tatu na Bronica ya ETRS au SQ, ulizia betri ya volti 6, kwa sababu bila hiyo shata inafyatua 1/500 pekee.

Kwa kazi zako, zenye kutembea kutoka kanisani hadi ukumbini, Hasselblad yenye makasha mawili itakufaa zaidi. RB67 ingenifanya nikushauri ufungue studio kwanza.

Kabla ya kulipa, omba kutumia roli moja katika kila kasha. Piga fremu sita, chomeka kibati, liache kasha juani kwa dakika kumi, kisha malizia sita zilizobaki. Safisha. Mstari mweusi kwenye negativu kuanzia ukingo wa kibati unaonyesha sponji imekufa. Kuibadilisha ni kazi ndogo, ila mpunguzie mzee bei kwa makasha yote mawili, kwani yakiwa ya umri mmoja, la pili nalo haliko mbali.